Matanga Yakiisha: Somo la Kutuliza Moyo kwa Ukili, Majani na Bustani

Ndugu mkazi wa Kwale, msiba ukitokea katika mtaa wetu hakuna anayehitaji kuitwa mara mbili. Masufuria makubwa hukopwa, majamvi hutandikwa nje, akina mama hujaa ndani, vijana huchota maji na kupasua kuni. Kwa siku kadhaa mfiwa haachwi peke yake hata kidogo.

Kisha matanga huanuliwa. Majamvi hukunjwa, sufuria hurudi kwa wenyewe, jamaa hupanda matatu kurudi Mombasa, Kinango au Lunga Lunga. Siku ya nane mfiwa anaamka nyumbani kukiwa kimya. Kitanda ni kitupu upande mmoja. Kuna deni la dukani, kuna mtoto anayeuliza baba yuko wapi. Wiki chache baadaye tunamwona amekonda, hajibu salamu vizuri, na tunaambiana, "Yule ana mawazo." Tukishasema hivyo, mara nyingi tunaendelea na safari zetu.

Somo hili linahusu kipindi hicho, yaani baada ya umati kuondoka. Linafundisha namna moja ya kuendelea kukaa na mwenzetu: kufanya kazi ya sanaa kwa vitu vinavyoota karibu na nyumba, taratibu, tukiwa pamoja. Hatusemi kwamba mkeka ni dawa ya kila ugonjwa. Tunasema kwamba mikono ikiwa na kazi ya utulivu, na mtu mwingine akiwa kando, moyo uliofungika hupata pa kupumulia.

Utakachojifunza

1. Kwa nini kazi ya mikono na mazingira ya miti husaidia mtu mwenye huzuni au msongo wa mawazo.
2. Mazoezi matatu unayoweza kuanza nyumbani bila gharama kubwa.
3. Namna ya kuketi na mfiwa bila kumwongezea mzigo.
4. Dalili zinazoonyesha kwamba mtu anahitaji mhudumu wa afya, si kikundi cha ususi peke yake.

Mawazo hukaa mwilini

Huzuni haiishi kichwani tu. Mtu mwenye mawazo mengi hukosa usingizi, chakula humshinda, mgongo na kichwa humuuma, moyo humwenda mbio. Wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa au tumbo, na vipimo havionyeshi kitu. Maumivu hayo ni ya kweli. Mwili unapohisi hatari hutoa homoni, mojawapo ikiitwa kotisoli, ili mtu awe tayari kujihami. Hatari ikipita, homoni hiyo hushuka. Lakini kwa mtu ambaye hofu au majonzi hayampi nafasi, mwili hubaki macho kama mlinzi asiyepata wa kumpokea zamu.

Kazi ya mikono inayojirudia, kama kusuka, kushona au kuponda majani, humpa mlinzi huyo nafasi ya kukaa chini. Macho yana mahali pa kutazama. Vidole vinajua kinachofuata. Pumzi hufuata mwendo wa mikono. Fikira hazikatazwi kuja, ila zinakuja moja moja.

Utafiti unasema nini?

Bibi zetu walijua haya kwa mazoea, lakini watafiti nao wameyachunguza. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walikuwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, karibu siku moja, na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, pia Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika. Walipima kotisoli kwenye mate yao kabla na baada ya dakika 45 za kazi. Kwa takriban robo tatu ya watu hao, kotisoli ilikuwa imeshuka. Jambo la kututia moyo ni kwamba waliokuwa hawajawahi kushika kazi ya sanaa walifaidika sawa na wenye ujuzi. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiubebeshe zaidi ya uwezo wake. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, nayo ilieleza kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Iko tiba ya sanaa inayotolewa na mtaalamu aliyesomea. Jina hilo lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942 kwa mchoraji Adrian Hill, ambaye alikuwa akichora alipokuwa akiuguzwa kifua kikuu, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Na iko sanaa ya kawaida ya jamii, ambayo haihitaji cheti. Somo letu ni la hii ya pili.

Benchi la Harare

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mpango unaojulikana kama Friendship Bench, yaani benchi la urafiki, jijini Harare. Madaktari wa akili nchini humo walikuwa wachache mno. Akafundisha bibi wa mitaani, watu wazima wanaoheshimika, kuketi na mwenye shida kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tunaosema "nina mawazo" tunalielewa neno hilo bila mkalimani.

Bibi hamwambii mgeni wake la kufanya. Humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja tu kati ya mengi na kulitafutia hatua moja ya wiki hiyo. Baadaye mtu hualikwa kujiunga na kikundi kinachokutana na kusuka mifuko kwa vipande vya plastiki iliyotumika. Wanazungumza huku wanasuka.

Mwaka 2016 jarida la tiba la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona, yaani huzuni ya muda mrefu inayolemaza mtu, zilionekana kwa takriban 14 katika kila 100 ya waliopitia benchi. Kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, zilionekana kwa takriban 50 katika kila 100.

Tukumbuke mambo mawili kutoka Harare. Kwanza, kusuka hakukuja peke yake. Kulikuwa na msikilizaji na tatizo moja lililoshughulikiwa. Pili, waliofanya kazi hiyo hawakuwa wageni kutoka mbali. Walikuwa bibi wa mtaa uleule.

Kwale tuna nini?

Tuna karibu kila kitu. Pwani yetu ina mkoma na mkindu, na majani yake hutoa miyaa na ukindu wa kusuka mikeka, misala, vikapu, makawa na vipepeo. Tuna minazi inayotupa makuti, makumbi na pakacha. Wakulima wetu wengi hulima bixa, ambayo wengine huiita mrangi au mzingifuri, na mbegu zake hutoa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Jikoni kuna manjano. Uani kuna hina, rehani na asumini. Kule Kinango kuna udongo mwekundu unaoweza kuwa rangi ya kuchorea ukichanganywa na maji.

Tuna pia mahali pa kutuliza macho. Gazi, akina mama wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wakazi wa Gazi na Makongeni wameulinda msitu huo chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia akiwa amejifunga kaniki, na hatoki na chochote, hata jani. Wazee wetu walijua kwamba kuna mahali pa kwenda kutulia bila kuchukua kitu. Kwa hiyo kumbuka: vifaa vya mazoezi yafuatayo vichumwe nyumbani, shambani au kwa jirani aliyeruhusu, kamwe si ndani ya kaya. Mikoko nayo haikatwi bila kibali.

Zoezi la kwanza: kitambaa cha majani

Hili ni la kuanzia, hasa kwa mtu asiyejua kusuka na kwa watoto. Unahitaji kitambaa cheupe cha pamba, kama mericani au shuka kuukuu, jiwe laini linaloenea mkononi, ubao, na shabu ya dukani.

1. Fua kitambaa kwa sabuni mpaka ugumu wa kiwandani utoke. Loweka kwa saa moja katika lita moja ya maji yenye vijiko viwili vya chai vya shabu, kisha kianike. Shabu husaidia rangi ishike.
2. Tembea uani au shambani polepole kwa dakika kumi na uchume majani na maua matano tu. Usiharakishe. Kuchagua ni sehemu ya zoezi. Majani mabichi yenye maji, kama ya kunde na mchicha, hutoa alama nzuri.
3. Tandika kitambaa juu ya ubao, weka jani, lifunike kwa kipande kingine cha kitambaa. Ponda taratibu kuanzia ukingoni kuelekea katikati.
4. Funua, bandua jani, anika kivulini. Utaona jani limeacha mishipa yake yote.

Alama hiyo itapauka kadiri siku zinavyopita, zaidi ikipigwa na jua. Mwambie mtoto mapema ili asilie. Na ikiwa unafanya na mfiwa, huenda yeye mwenyewe akayazungumzia hayo ya kupauka. Mwache aseme.

Tahadhari: usitumie mnyaa, kwa sababu utomvu wake huunguza macho. Epuka upupu, na pia ganda la korosho mbichi, maana mafuta yake huchubua ngozi. Nawa mikono baada ya kazi.

Zoezi la pili: ukili wa pamoja

Hili ndilo moyo wa somo. Kama hujui kusuka, mtafute bibi au shangazi anayejua. Kwenda kwake kujifunza ni tiba kwa pande zote mbili, maana wazee wengi nao wanakaa wapweke.

Chukua majani machanga, lakini usimalize mti. Kata jani moja na uache linalofuata, ili mti uendelee. Anika juani kwa siku kadhaa mpaka yapauke. Yachane kwa sindano au kisu kidogo upate chane zenye upana sawa. Ukitaka rangi, chemsha mbegu za bixa kwa maji yenye magadi kidogo, kwa sababu magadi husaidia rangi itoke, kisha tumbukiza chane zako. Manjano hutoa rangi ya kung'aa, ingawa hufifia juani haraka kuliko nyingine. Kabla ya kusuka, nyunyizia chane maji zilainike.

Anayeanza asuke kwa chane tatu, kama anavyosuka nywele. Akizoea aende tano, kisha saba. Bibi atamwonyesha namna ya kuingiza chane mpya bila fundo kuonekana.

Sasa utaratibu wa kikundi. Watu wanne hadi wanane wanatosha. Chagueni kivuli kimoja, cha mwembe au baraza ya mmoja wenu, na siku moja ya wiki. Kaeni saa moja na nusu. Kila mtu asuke ukili wake, lakini mwishoni mwa miezi kadhaa kili zote zishonwe kuwa mkeka mmoja. Ukili wa aliyeanza juzi ushonwe kando ya ukili wa fundi, ukiwa umepinda hivyohivyo. Mtu akiuona mkeka huo ataweza kuonyesha kwa kidole: hapa ndipo nilipoanza, na hapa ndipo mkono uliponyooka.

Mjane Mwislamu aliye ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi hawezi kuja chini ya mwembe, lakini ukili unaweza kwenda kwake. Majirani wawili wamfuate nyumbani na miyaa yao, kwa kufuata mwongozo wa wazee na walimu wa dini yake.

Zoezi la tatu: bustani ya kumbukumbu

Chagua kipande kidogo cha ardhi, hata hatua mbili kwa mbili, au ndoo kuukuu zilizotobolewa chini. Panda kitu ambacho marehemu alikipenda au alikipanda mwenyewe: rehani, asumini, mlimau, hata kisamvu. Zungushia mawe au vifuu vya nazi kwa mpangilio unaoupenda. Mwagilia jioni kwa maji yaliyooshea mboga.

Faida ya bustani ni kwamba inakuuliza swali dogo kila siku. Mtu aliyekata tamaa anaweza kukosa sababu ya kuamka, lakini mche usiponyeshewa leo utanyauka kesho. Wapo waliotoka kitandani kwa sababu hiyo tu, na kwa siku ile ilitosha.

Asumini na rehani zikichanua, wanaojua kutunga vikuba wawafundishe wasichana. Kikuba ni sanaa ya bustani iliyo yetu kabisa: maua huchumwa, hupangwa, hufungwa, na harufu yake hudumu siku moja tu. Hata hivyo manukato si ya mjane aliye edani, kwa hiyo kwake kikuba kisubiri siku zake zitimie.

Namna ya kuketi na mfiwa

Kazi ya mikono inasaidia kwa sababu inaondoa ulazima wa kutazamana usoni na kutafuta maneno. Mtu anaweza kunyamaza nusu saa na isiwe aibu, kwa kuwa anasuka. Lakini jirani anaweza kuharibu hali hiyo kwa sentensi moja. Tazama mfano huu wa jirani kijana aliyemtembelea mama aliyefiwa na mumewe.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini leo sina maneno."

"Hapana haja ya maneno, mama. Nimekuja na ukili wangu, umenipindia kila mara. Nikae hapa kidogo?"

"Kaa. Hebu nione. Ah, chane zako ni kavu, ndiyo maana. Lete maji."

Kijana hakumwambia ajikaze. Hakumuuliza alikufaje. Alimpa nafasi ya kuwa mwalimu badala ya kuwa mfiwa, walau kwa saa moja. Mengine yatakuja yenyewe, pengine wiki ya tatu, macho yakiwa kwenye miyaa.

Maneno ya kuepuka ni kama "Usilie", "Ni mapenzi ya Mungu, sahau", "Wenzako wamefiwa na zaidi", au "Bado unalia tu?" Maneno yanayofaa ni mafupi: "Pole." "Nipo." "Nitarudi Jumanne." Kisha Jumanne urudi kweli. Na linalosemwa chini ya mwembe libaki chini ya mwembe. Kikundi kikivuja siri mara moja hakitaaminika tena.

Wanaume na vijana wasiachwe

Wanaume wengi hulelewa wakiambiwa kwamba mwanamume halii, na matokeo yake ni ulevi, hasira nyumbani, au kimya kinachoishia pabaya. Kusuka mikeka huonekana kazi ya wanawake, lakini wanaume wa pwani nao wana sanaa zao: kusuka madema ya kuvulia samaki, kutengeneza nyavu, kusokota kamba za makumbi, kuchonga. Wavuvi wanaotengeneza nyavu pamoja ufuoni tayari wana kikundi. Kinachokosekana ni mmoja wao kuthubutu kuuliza, "Ndugu yangu, unalala usiku?"

Vijana nao wapeni mkaa, udongo mwekundu, manjano na ukuta au kipande cha kadibodi. Waache wachore mahali wanapojisikia salama. Msiwasahihishe mchoro. Waulizeni tu, "Hebu nieleze."

Soko lisubiri

Kikundi kikishaanza kusuka, mtu atasema, "Hivi vitu si tungewauzia watalii Diani?" Si wazo baya, kwani kipato nacho huondoa mawazo. Lakini ukili wa kwanza usiwe wa soko. Soko linataka ukubwa sawa, rangi sawa na muda maalumu, na anayesuka huku analia hawezi hayo. Kikundi kitaanza kumwona mzigo. Tunashauri miezi mitatu ya kwanza iwe ya kukaa pamoja tu. Baada ya hapo, wanaotaka biashara waanzishe siku yao nyingine, na siku ya kivulini ibaki kama ilivyokuwa.

Wala tusijidanganye kwamba sanaa italipa karo au deni la duka. Ndiyo maana tunaiga bibi wa Harare: kila kikao, anayetaka ataje tatizo moja, na kikundi kimsaidie kupata hatua moja. Pengine ni kumsindikiza kwa chifu kuhusu cheti cha kifo, pengine ni kuzungumza na mwenye duka ampunguzie kasi ya kulipa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mipaka: wakati wa kwenda zahanati

Huzuni baada ya msiba ni jambo la kawaida, na haina tarehe ya kuisha. Hata hivyo kuna dalili ambazo kikundi hakipaswi kuzibeba peke yake:

- Kukosa usingizi au kushindwa kula kwa zaidi ya wiki mbili.
- Kushindwa kabisa kuoga, kufanya kazi au kuwahudumia watoto.
- Kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni.
- Kunywa pombe au kutumia dawa za kulevya kila siku ili kusahau.
- Kusema kwamba maisha hayana maana, kuaga watu, au kugawa vitu vyake bila sababu.

Ukiona hii ya mwisho, usiogope kuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humwonyesha kwamba mtu ameona. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za shambani na vitu vya hatari, na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa ushauri unaweza pia kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo.

Kwa dalili nyingine, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Huko mtaelekezwa hospitali inayofaa. Anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu amejisikia nafuu kikundini. Dawa na ukili vinaweza kwenda pamoja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo yamo humo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika mtaa wenu, ni nani aliyefiwa mwaka huu ambaye hamjamtembelea tangu matanga yaanuliwe?
2. Ni mzee gani anayejua kusuka, kutunga vikuba au kutengeneza madema, na ni nani anajifunza kwake?
3. Ni kivuli gani mnaweza kukutania bila gharama, na siku gani inawafaa wengi?
4. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu ni nani? Kila mmoja wenu ana nambari yake?

Kazi ya wiki hii

Usisubiri kikundi kikamilike. Jibu swali la kwanza kwa jina la mtu mmoja. Chukua miyaa, kitambaa au mche wa rehani, piga hodi kwake, na ukae nusu saa. Kabla ya kuondoka, mwambie siku utakayorudi.